Diski ya Wangwe na Meza ya Simioni

Kaka yangu Wangwe alifariki mwezi wa tatu. Figo zilimshinda. Aliacha litungu moja, kile kinubi chetu cha nyuzi nane, duka la kuingiza nyimbo kwenye flashi pale senta ya Kewanja, na kompyuta yenye nyimbo zaidi ya elfu nne. Nyingi ni za watu wengine: kwaya, mahubiri, nyimbo za harusi, ngoma za Mugumu na za ng'ambo ya Sirari. Zake mwenyewe ni thelathini na moja. Ule wa thelathini na moja hakuna aliyekuwa ameusikia ila mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa mbele ya kompyuta siku aliyourekodi. Siku kumi na tatu baadaye tulimzika nyumbani Kerende.

Wimbo una dakika kumi na moja. Wangwe anaita majina ya ukoo wetu, baba baada ya baba, tangu wale waliofika Kerende wakiswaga ng'ombe hadi kwa baba yetu, kisha anamgeukia mama. Mama alijua wimbo upo. Tulipokaa kupanga siku ya kumaliza msiba, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, wazee walitaja ng'ombe, togwa, maturubai na mchungaji. Mama alitaja jambo moja tu.

"Nataka mwanangu aimbe siku hiyo. Nisikie alivyonisema."

Hakuna aliyepinga, ingawa Simioni alikohoa. Simioni ni kaka yetu mkubwa. Ni seremala, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na tangu baba afariki neno lake ndilo la mwisho nyumbani. Ndiye aliyeagiza kwamba litungu lisisikike dukani mpaka msiba uishe. Nilitii. Miezi mitano niliuza kwaya na mahubiri, na mteja akiulizia litungu nilimwambia asubiri.

Jumatatu ya wiki ile nikafungua duka mapema ili niuweke wimbo kwenye flashi. Nilijua kazi ni ndogo. Simioni alikuja kushuhudia, akaketi kwenye benchi na kofia yake magotini.

Lazima nieleze tulivyokuwa tukifanya kazi, maana ndipo kosa lilipozaliwa. Kwenye duka la Wangwe hakuna wimbo unaoingia kwenye flashi kimyakimya. Mteja anausikia kwa sauti kubwa huku unaingia, na senta nzima inausikia pamoja naye. Wangwe alisema mtu hanunui ng'ombe bila kumwona akitembea. Kwa hiyo alinunua sabufa kubwa, kifua chake kama cha mtu mzima, akaiweka chini sakafuni, mbali na kompyuta, kwa sababu tu kimeza cha zamani kilikuwa kimelegea miguu na kisingeibeba.

Baada ya mazishi Simioni alikitupa kile kimeza. Alitengeneza meza mpya, ubao mmoja wa mvule toka ukuta hadi ukuta, unene wa vidole vitatu, bila kiungo hata kimoja. Akaipandisha sabufa juu, akaibana kwa skrubu ndefu. Kompyuta nayo akaifunga kwa vyuma vinne juu ya ubao uleule, wezi wasiichukue. Kazi hiyo aliifanya siku tatu bila kuzungumza na mtu. Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya ubao, akasema, "Hii Wangwe angeipenda," akaondoka haraka. Nilielewa kwamba alikuwa amelia kwa randa na patasi.

Sasa Jumatatu nikabonyeza wimbo. Litungu likaanza taratibu, nyuzi nyembamba kwanza, halafu sauti ya kaka yangu. Simioni aliinamisha kichwa. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama mlangoni wakavua kofia. Dakika ya nne, Wangwe akaanza kupiga ule uzi mnene ambao yeye aliuita Mzee, na sabufa ikanguruma kama kifua cha dume la ng'ombe.

Wimbo ukakatika.

Kompyuta ikaganda. Ndani ya kisanduku chake ukasikika mlio mdogo, tik, tik, tik. Nikasubiri, nikazima, nikawasha. Mara ya pili wimbo ulifika palepale ukakatika palepale. Mara ya tatu vilevile, na ule mlio ukawa mkali zaidi.

Simioni akasimama.

"Inatosha, Robi. Amekataa."

"Nani amekataa?"

"Mwenye sauti. Msiba haujaisha, wewe unamwamsha kwa umeme. Nilikwambia."

"Kaka, mama ndiye aliyeomba."

"Mama ni mama, anaomba kama mama. Mimi nasema hivi: Jumamosi nitawaambia watu kwamba Wangwe hataki. Hicho kidude kinachoshika sauti tutakizika pembeni yake. Nyimbo zake zibaki zake."

Wale wawili mlangoni waliitikia kwa vichwa. Mmoja wao, Werema mwenye mashine ya kusaga ya jirani, alisema, "Marehemu alikuwa mbishi hata akiwa hai. Aliwahi kukataa kunipigia kwenye harusi yangu mwenyewe."

"Alikataa kwa sababu ulitaka aimbe bure," nikamjibu.

"Basi labda leo pia anataka kitu kidogo."

Mimi sikucheka. Nilimwomba Simioni anipe hadi Ijumaa. Akasema Ijumaa jioni atakuja na bisibisi yake afungue vyuma alivyofunga mwenyewe.

Nilikuwa na huzuni, lakini sikuwa na hofu. Nilimjua Wangwe. Mtu aliyeamka na homa akafunga nyuzi za litungu ili mama asikie jina lake, hawezi kukataa jina hilo lisikike. Kama wimbo unakatika, kuna kinachoukata, na kitu hicho kina mahali pake. Nilichukua daftari nikaandika: dakika ya nne na sekunde kumi na nane, mara tatu.

Jumanne nikajaribu nyimbo nyingine, kwa uangalifu, moja moja. Kwaya ya vijana, sauti juu kabisa: ikapita hadi mwisho. Mahubiri yakapita. Nyimbo mbili za harusi zikapita. Kisha nikaweka litungu la mpigaji mwingine, mtu wa zamani ambaye Wangwe alimrekodi kwa heshima. Likakatika kabla ya dakika ya pili. Tik, tik. Nikazima.

Simioni aliposikia, aliona ushahidi umekamilika upande wake. Litungu limefungwa lote, alisema, mpaka msiba uishe, na hilo ndilo alilokuwa amesema tangu mwanzo. Kusema kweli daftari langu lilimuunga mkono yeye.

Jumatano asubuhi akaja mteja, dereva wa lori, aliyetaka kununua waya wa kuunganisha simu na spika. Nikamwambia aujaribu kwanza kwenye sabufa yetu, ndivyo tunavyofanya. Mimi nilikuwa nimefungua kompyuta nikimwingizia kwaya mteja mwingine, mama mmoja wa kanisani, safari hii bila sauti kwa kuwa sabufa ilikuwa ya dereva. Dereva akachomeka simu yake, akapiga wimbo wa kwanza alioukuta. Ulikuwa wa litungu. Kabla sijamwambia azime, Mzee wa huko akanguruma, na mambo mawili yakatokea kwa pamoja. Skrubu tatu ndogo nilizokuwa nimeziacha wazi mezani zikaanza kutembea juu ya ubao wa Simioni kama siafu. Na kompyuta yangu, ambayo haikuwa inapiga wimbo wowote, ikaganda. Tik, tik, tik.

"Zima!" nikapiga kelele.

Akazima. Skrubu zikatulia. Muda mfupi baadaye kompyuta ikaamka, kwaya ya yule mama ikaendelea kuingia kwenye flashi kana kwamba hakuna lililotokea.

Nikamuuliza dereva, "Huyu aliyekuwa akiimba ni nani?"

"Humjui Selestine? Wa Natta. Tena jana nimemwacha anachunga."

Nikaweka kiganja juu ya ubao, nikamwomba apige tena, sauti ya chini. Ubao mzima ulikuwa unatetemeka hadi kwenye kiwiko changu. Nilizima kompyuta, nikaichomoa ukutani kabisa, nikampigia simu Mwajuma.

Mwajuma binti Shaaban ni fundi wa kompyuta Tarime mjini. Ana chumba nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Ndiye aliyemuuzia Wangwe ile kompyuta, na kwenye msiba alikuja akakaa na sisi wanawake siku mbili. Nilimweleza yote kwa mpangilio, pamoja na sekunde.

Akasema, "Robi, umeiwasha mara ngapi ikifanya hivyo?"

"Tatu Jumatatu. Moja jana. Na leo."

"Usiiwashe tena. Hata kama mama yako analia. Nakuja kesho."

Alhamisi saa nne alishuka kwenye bodaboda na mkoba mgongoni. Nilikuwa nimemwita Simioni, naye alikuja ingawa shingo upande. Werema naye alikuja bila kuitwa.

"Shikamoo kaka Simioni."

"Marahaba, fundi. Umekuja kuamua kesi?"

"Nimekuja kumsikiliza shahidi."

Akafungua ubavu wa kompyuta, akatoa diski. Ni kisanduku cha chuma, ukubwa wa Agano Jipya lile dogo la mfukoni. Akampa Simioni akishike. Simioni alikipokea kwa mikono miwili.

"Ndani humo kuna sahani," Mwajuma alisema. "Ukiwasha, inazunguka zaidi ya mara elfu tano kwa dakika moja. Juu yake kuna kichwa cha kusomea, kidogo kuliko punje ya ulezi. Hicho ndicho kinachoona nyimbo. Lakini hakiigusi sahani, kaka. Sahani ikikimbia inavuta upepo, na upepo huo unakibeba kichwa. Kinaruka."

"Kinaruka juu kiasi gani?"

"Wewe ni mtu wa kupasua mbao. Chukua unywele wako mmoja, uupasue kwa urefu upate mbao elfu kumi. Unene wa ubao mmoja, ndio hapo."

Werema akacheka. Simioni hakucheka. Nilimwona akiupasua ule unywele akilini, akipima.

"Na hakianguki?"

"Hakianguki kirahisi. Kikishuka, upepo ulio chini yake unabanwa, unakisukuma juu. Kikipanda, kinavutwa kirudi. Kinajiweka sawa chenyewe siku nzima, miaka na miaka. Fikiria ukipitisha kiganja juu ya unga uliotandazwa, karibu kabisa, bila kuugusa, huku unakimbia. Unaweza, kama hakuna anayekusukuma. Lakini nyimbo zimeandikwa kwenye mistari myembamba mno. Mtu akikugonga kiwiko, unatoka kwenye mstari. Kichwa kikitoka, kinasimamisha kazi, kinautafuta mstari wake. Ule mlio mliousikia ni hicho kinatafuta. Na ukigongwa sana, ipo siku utaugusa unga."

"Na nani anakigonga?"

Mwajuma akanitazama. Hapo ndipo nilipokuwa napaogopa, siyo kwenye diski. Kama ningesema vibaya, kaka yangu angebeba neno hilo maisha yake yote.

"Kaka," nikasema, "naomba uone kwanza, kisha useme wewe mwenyewe."

Mwajuma akatoa mkobani diski yake nyingine, nzima, isiyo na uhusiano wowote na nyumba yetu. Akaifunga ndani ya kompyuta, mahali pa ile ya Wangwe. Ilikuwa na taarabu na nyimbo za harusi ya dada yake. Akauweka wimbo mmoja wa harusi uanze kuingia kwenye flashi, bila sauti, na kwenye kioo tukaona mstari wa kijani ukisogea vizuri. Nikachomeka simu yangu kwenye sabufa. Nilikuwa nimemtafuta Selestine wa Natta nikampata. Nikapandisha sauti.

Nyuzi nyembamba, mstari ukasogea. Uzi mnene ukaingia. Mstari wa kijani ukasimama.

Nikapunguza. Ukasogea. Nikapandisha. Ukasimama.

"Selestine yuko hai," nikasema. "Saa hizi anachunga ng'ombe Natta. Naye amekataa?"

"Na bibi harusi wetu," Mwajuma akadakia, "ambaye ameshaolewa ana mapacha, naye amekataa?"

Werema alijipiga paja. "Mura, ndugu yangu, hapo kesi imekwisha!"

Simioni aliweka kiganja chake juu ya ubao, karibu na sabufa, kisha akakisogeza polepole hadi kwenye kompyuta, vyuma vyake vinne vikinong'ona. Alirudi tena toka mwanzo. Mtu wa mbao hahitaji kuelezwa. Nikazima simu.

"Kwa hiyo ni meza yangu," akasema. "Meza yangu ndiyo iliyomnyamazisha mdogo wangu."

"Meza yako haina kosa," nikamwambia. "Ingekuwa mbovu, ya vipande vya kuungaunga, mtikisiko ungefia njiani. Hii ni ubao mmoja. Kila kinachopigwa upande ule kinafika upande huu kizima kizima. Umeijenga vizuri mno, kaka."

Alinitazama aone kama namfariji. Sikuwa namfariji, na aliliona hilo.

"Na sasa?"

"Sasa tunauhamisha wimbo bila sauti," Mwajuma alisema. "Tunaiweka diski mahali palipotulia, sabufa imezimwa, hakuna anayetembea. Lakini nasema ukweli mbele yenu: diski hii imeshagongwa mara tano. Sijui kichwa kimegusa wapi. Inawezekana tukaupata wimbo wote, au nusu, au ikafa mikononi mwangu. Na haitawashwa mara nyingi tena. Mkitaka kuipeleka Mwanza kwa wanaozifungua, ni majuma matatu, nao hawaahidi."

Wote wakamgeukia Simioni, kama ilivyo desturi. Yeye akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye siku ile. Sema."

"Leo," nikasema.

Simioni akatoka. Tulidhani amekwenda kuvuta hewa, lakini alirudi na msumeno. Mwajuma akaruka mbele ya kompyuta akitandaza mikono kama kuku mwenye vifaranga.

"Kaka, ngoja! Hatuhitaji kukata, nimesema tutazima tu!"

"Najua mmesema mtazima. Na kesho kutwa mteja atakuja, atapandisha, mtasahau. Toeni vitu vyenu."

Tukatoa kompyuta na diski nje, tukaziweka juu ya kanga yangu kwenye kivuli cha ukuta. Simioni akakata ubao ule wa mvule katikati, taratibu, kwa mkono mmoja ulionyooka. Vumbi la mvule lilimwagika kwenye viatu vyake. Alipomaliza kulikuwa na meza mbili na nafasi ya kupita mtu katikati.

Kisha akatoka tena, akaenda kwa wateja wa mashine ya kusaga, akawaambia wasubiri. Werema alilalamika kwamba ni mashine yake na hakuulizwa.

"Nakuuliza sasa," Simioni akamwambia.

"Dakika ngapi?"

"Hadi fundi aseme."

Werema akaenda kuizima. Senta ya Kewanja ikawa na ukimya ambao sijausikia tena mchana. Mwajuma alikunja blanketi mara nne, akailaza diski ya Wangwe juu yake, juu ya sakafu ya saruji, akaiunganisha kwa waya mrefu. Simioni alisimama mlangoni akiwapa mgongo watu wa nje. Nilipiga magoti karibu na kisanduku kile nikakisikia kikianza kuzunguka, sauti nyembamba ya kupanda, kisha ikatulia. Nilikifikiria kile kichwa kisichozidi punje ya ulezi kikinyanyuka juu ya upepo wake.

Mstari wa kijani ukaanza. Robo. Theluthi.

Halafu ukasimama. Tik.

Hakukuwa na sabufa, wala mashine, wala mguu uliosogea. Mwajuma akauma mdomo. "Hapa kiligusa," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa pana jeraha. Kinajaribu kusoma juu yake."

Nilijua ni wapi bila kuambiwa. Mara ya kwanza Jumatatu ilikuwa bahati mbaya, na hata ya pili. Ya tatu ilikuwa yangu, nilibonyeza kwa ubishi, na mlio ulipokuwa mkali nilikuwa nimeusikia. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

"Ruka," nikamwambia.

"Tukiruka, hapo patabaki kimya."

"Pabaki. Chukua yaliyo mbele kabla hakijarudia."

Akabonyeza vitufe viwili. Mstari ukatikisika, ukasogea, ukashika mwendo. Nusu. Robo tatu. Ulipofika mwisho Mwajuma hakushangilia. Alichukua nyimbo nyingine zote thelathini za Wangwe, na zile za mpigaji wa zamani, mmoja baada ya mwingine, na ndipo akazima. Zilipotea sekunde tisa tu, zote kwenye ule wimbo mmoja.

"Washa mashine yako," Simioni akamwambia Werema kupitia mlangoni. Kisha akaja akapiga magoti upande wa pili wa blanketi, mtu mzima yule, akaniomba hedifoni. Alisikiliza dakika zote kumi na moja hapo chini sakafuni. Mimi sikumtazama usoni.

Mwajuma alisema angeweza kuliziba pengo. Angekata kipande cha nyuzi kutoka mahali pengine kwenye wimbo, akakipachika, na hakuna ambaye angejua. Nilimshukuru, nikakataa.

Jumamosi watu walijaa Kerende. Mchungaji aliomba, ng'ombe akaliwa, wazee wakasema walichokuwa nacho. Saa tisa Simioni aliweka sabufa chini kwenye nyasi, akaleta kiti cha mama mbele, akatangaza kwa sauti yake ya kazi kwamba Wangwe ataimba, na kwamba wimbo una jeraha, mtu asishangae. Nikachomeka flashi.

Kaka yangu akaanza kuita. Akamwita Gesabo, akamwita Magabe, na kila jina wazee wa upande huo waliitikia kwa mguno. Uzi mnene ukaingia na ardhi ikauitikia chini ya miguu yetu. Kisha ukimya, sekunde tisa, ndefu kama foleni ya kisimani. Kisha Wangwe akarudi katikati ya neno, akaendelea hadi kwa baba, na kutoka kwa baba akamgeukia mama. Sitaandika alichomwambia. Mama alikisikia, na alikisikia chote.

Wimbo ulipoisha hapakuwa na kilio. Palikuwa na ugomvi.

"Pale palipokatika alimtaja Keraryo," alisema mzee mmoja.

"Keraryo anaingiaje? Baada ya Magabe anakuja Nyamhanga."

"Nyamhanga ni wa mke wa pili! Wangwe hawezi kumtanguliza!"

"Unamfundisha marehemu ukoo wake?"

Simioni alisema ni Keraryo. Mjomba alisema wote wawili hawajui kitu, waache aeleze. Watu walisogeza viti. Wengine walianza kuhesabu baba kwa vidole, vijana wakawauliza huyo Nyamhanga ni nani na alizikwa wapi, na majina ambayo sikuwahi kuyasikia maishani mwangu yakatajwa pale na kubishaniwa kwa nguvu.

Mama akanivuta mkono. "Wewe ulikuwepo. Alimtaja nani?"

Nilikuwepo. Nakumbuka alivyokaa, shati la kijivu, litungu limeegemea goti. Baada ya Magabe alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Akaendelea kupiga nyuzi peke yake, mzunguko mmoja, wa pili, akinitazama macho yamemtoka, kisha likamjia la mbele akaendelea kana kwamba alikusudia.

Nikamwinamia mama sikioni. "Hakumtaja mtu. Alisahau."

Mama aliwatazama wazee waliokuwa wamesimama sasa, fimbo mkononi, wakibishana. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamshika. Alikuwa anacheka, mkono mdomoni wasimwone, mpaka machozi yakamtoka.

"Usiwaambie," akasema. "Piga tena."